Korongo Tulilowapambia Wageni

Ndiyo, vitanda ni viwili, na hicho cha dirishani si cha mgeni, ni cha wifi yangu Mwajabu, dada yake marehemu mume wangu, tunalala chumba kimoja kama wanafunzi wa bweni. Nyumba yake anayo, ipo kule nyuma ya shamba la mihogo, ila imebaki kuta tatu, ya nne ilikwenda na maji masika yaliyopita. Sasa mkishamaliza kukikodolea macho hicho kitanda vuteni mkeka mkae, maana najua mtauliza tu, na bora mniulize mimi kuliko kumwuliza yeye, yeye akihadithia anatumia maneno matatu na yote matatu yananichafua mimi. (Na msicheke kwa sauti. Yuko hapo nje anachambua mchicha, macho yake hayaoni mbali lakini masikio yake ni kama ya juzi.)

Aibu ni yangu, sikatai. Huku kwetu Kang'ata hata watoto wa chekechea wanaijua, nikipita karibu na mtu aliyekaa kwenye kiti utasikia kitoto kimoja kinamwambia mwenzake, shikilia, shikilia, bibi anapita. Nimezoea. Mwanzoni nilikuwa nawafukuza na fimbo, siku hizi na mimi nashikilia.

Mambo yalianza na korongo. Mlipokuja mmelivuka, pale penye magogo mawili. Kiangazi ni kitu cha kuchezea, mbuzi wanalala humo, watoto wanatelezea matako, lakini masika maji yanatoka juu huko mekundu kama chai ya maziwa, yanakuja na miti na mawe, yanatafuna udongo huku na huku, na kila mwaka yanakula kidogo. Mimi nilipoletwa hapa kuolewa lilikuwa mfereji, nilikuwa naliruka na ndoo kichwani na maji hayamwagiki. Leo ukilitazama huwezi kuamini. Nyumba ya Mwajabu aliijenga baba yao wakati huo wa mfereji, sasa korongo limetoa kidole, kidole kabisa kama hiki changu, kikaingia uani kwake, kikachukua jiko, kikachukua kinu (kinu kilikuja kuonekana kijiji cha pili, watu wanakitumia kama kiti), kikafika kwenye kona ya nyumba. Ukuta ukafanya ufa. Ufa gani, ulikuwa unaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, kuku walikuwa hawapiti mlangoni tena.

Mwajabu akaniambia, na nitamwigiza kwa sauti ndogo, "Ukuta ukienda, nakuja kwako." Basi. Akaendelea kumenya muhogo.

Sasa nyie mnanijua, wifi yangu nampenda, tumezikiana ndugu na tumezalishana watoto, lakini kupendana na kulala chumba kimoja ni mambo mawili. Yule mtu akilala ni mashine ya kusaga na imekwama jiwe. Akila chakula chako anatia chumvi kabla hajaonja. Ukifagia, anakuja nyuma yako na ufagio wake hasemi kitu, anafagia palepale. Mimi nilikuwa tayari kubeba mawe kichwani kutoka huku mpaka Korogwe, ilimradi ukuta ule usimame na kila mtu abaki kwake.

Ndipo akaja yule binti wa maendeleo ya jamii kutoka Handeni mjini, mzuri wa sura, miwani mikubwa, akaita kikundi chetu cha akina mama. Anaongea hivi, nisikilizeni: "Mama zangu wapendwaaa, tupo pamoja? Serikali ina ruzuku. Ruzuku ya kupunguza hatari ya maafa kwenye jamii. Sasa, maafa ni nini? Nani ataniambia maafa ni nini? Tupo pamoja?" Mama Shedrack akanyoosha kidole (huyu ni jirani yangu, Msambaa wa Lutindi, huko milimani Korogwe, ameolewa hapa miaka na miaka lakini hajawahi kuhama kwao kwa mdomo), akasema, "Maafa ni yule mwanamume niliye naye ndani." Binti akasubiri tumalize kucheka, akaeleza vizuri, kwamba hii si ile misaada ya kugawiwa unga baada ya maji kukuchukulia kila kitu, hii ni hela ya kabla, mnaiambia serikali hatari yetu iko hapa na tunataka kuizuia hivi, wakaguzi wanakuja, wakiona kweli hatari ipo wanatoa.

Sisi tukaomba zile nyavu za waya mnene zinazojazwa mawe, zipangwe ukingoni mwa korongo, maji yakija yakute mawe badala ya udongo. Mafundi wapo, mawe yapo, nguvu ya kubeba ni yetu. Binti akaandika, sisi tukatia dole gumba, mimi la kwangu nililikandamiza mpaka wino ukatokea upande wa pili.

Ombi likapita hatua ya kwanza. Mtendaji wa kijiji akatuita kutuambia. Mtendaji wetu mmeshamwona, kijana wa watu, ananyoosha shingo kama jogoo aliyesikia kitu: "Akina mama, kimsingi, Alhamisi ijayo tuna wageni kutoka mkoani. Kimsingi wanakuja kuona hali halisi. Kwa hiyo kimsingi tujiandae." Akanichagua mimi niwe mkuu wa mapokezi, kwa sababu ya huu mdomo, alisema bibi Mwantumu wageni hawatasinzia.

Hali halisi niliisikia. Sijifanyi sikusikia. Lakini niliisikia kama unavyosikia adhana ukiwa usingizini, na lile neno jingine, wageni, hilo ndilo lililoniamsha. Maana nimelelewa na mama aliyekuwa akisikia mgeni anakuja anaanza kufagia kutoka njia panda. Mbuzi mgonjwa anafichwa nyuma ya nyumba. Sufuria iliyotoboka inageuzwa, tundu liangalie ukutani. Sisi Wazigua mgeni huwa hatumwonyeshi kilichovunjika, anaonyeshwa maji ya kunawa, mkeka mpya na wali, habari za matatizo anazikuta mwenyewe siku ya tatu akishakuwa mwenyeji. Sasa hawa walikuwa wanakuja siku moja tu na kuondoka.

Nikaenda kwa Mwajabu kuangalia pale wageni watakapofikia, kwa kuwa nyumba yake ndiyo ilikuwa ya kwanza kukaguliwa. Ule ufa ukanitazama. Nikasema moyoni, huu mmoja tu nauziba, siwezi kupokea watu wa mkoani na ufa unaonyesha kitanda cha mtu mzima na vyandarua vyake.

Nikamwambia, "Wifi, nakukandikia hapa."

"Acha."

"Wageni wa serikali waje wapitishe macho mpaka kwenye shuka zako?"

"Acha ukuta wangu."

Akachukua ndoo akaenda bombani. Mimi nikachukua jembe nikaenda kuchimba udongo mwekundu. Sasa kitu kimoja niwaambie, shule sikuisogelea hata mlango, jina langu mkiniandikia hapo chini sitalitambua, lakini kukandika, nyumba za upande huu wote zimepita kwenye viganja vyangu. Nikaukanyaga udongo vizuri, nikatia majani makavu ushike, nikauziba ufa, nikaulainisha kwa maji na kitambaa, ukawa kama shavu la mtoto. Nikarudi nyuma nikatazama. Tatizo ni kwamba ukuta ule ulipokuwa mzuri, kuta nyingine zikaonekana mbaya. Nikakandika na nyingine. Nikapiga mstari wa majivu chini kuzunguka nyumba yote.

Mama Shedrack akapita, akasimama. "Kwetu Lutindi," (kila kitu kwao Lutindi) "kwetu Lutindi wageni wakija hata njia inapigwa deki. Na mimi nyumba yangu ina doa la maji mpaka dirishani, wataniona mchafu." Akaenda kwake akakandika doa. Jirani yake akaona, akakandika. Jioni ya kesho yake mtaa mzima ulikuwa unanuka udongo mbichi, na yale madoa yote ya mafuriko kwenye kuta, ambayo kumbe ndiyo yalikuwa ushahidi wetu, hayapo, yamelala chini ya udongo mzuri wa Kang'ata. Sikuliona hilo. Niliona mtaa unapendeza, nikajisifu.

Ikabaki turubai. Tulilazimika kuazima lile turubai kubwa la misiba, na viti vya plastiki, na ua wa Mwajabu haukutosha kwa sababu ya kile kidole cha korongo kilichoingia katikati. Ukipanga viti safu moja, cha mwisho kinaning'inia. Akina mama wakaniangalia mimi, mkuu wa mapokezi. Nikasema, "Tukizibe. Kwa siku moja tu. Wakishaondoka tunatoa."

Basi ikawa kama harusi. Huyu analeta mabua ya mahindi, huyu majani ya migomba, huyu magunia yaliyooza, huyu mikeka ya zamani, na kwa kuwa ilikuwa inafukiwa na hakuna anayetazama, kila mtu akarudi nyumbani kuangalia ana nini cha kutupa. Mama Shedrack alileta godoro. Nikamwuliza, "Na hili nalo ni bua?" akasema, "Linajaza." Tukajaza mpaka juu, tukatandaza udongo, tukamwagia maji, tukaimba na kucheza juu yake ili sakafu ishikane, sisi ni wanawake wakavu, miili ya kupalilia, ilituhimili vizuri kabisa. Nikaimalizia kwa kukandika kama sakafu. Na kule kwenye korongo lenyewe, kwa sababu chini kuna machupa na mavi ya mbuzi, tukaweka ua wa matete, mabichi, yamepangwa sawasawa.

Mkesha wa Alhamisi hiyo mtendaji akaja kutazama. Shingo hiyo. "Kimsingi, mmependezesha."

Mwajabu akaja naye, akatazama pale palipokuwa na kidole. "Mmezika nini hapa?"

"Korongo lako, wifi," nikamwambia, na wenzangu wakacheka.

Yeye hakucheka. Alichukua kigoda chake kilichokuwa pale kivulini, akakihamishia upande wa pili wa nyumba, kwenye jua, akakaa huko. Mimi nikadhani amenuna. Ningetumia akili nikatazama mwenye nyumba kigoda chake anakiweka wapi, leo ningekuwa nalala peke yangu.

Alhamisi ikafika, gari jeupe likaja, akateremka yule binti wetu wa miwani, akateremka injinia. Mtu mzima, mrefu, shati jeupe la mikono mirefu, anaongea polepole sana kama mtu anayevuka magogo usiku. "Shi-ka-moo, bibi." Marahaba baba, karibuni, poleni na safari. Nikawanawisha mikono, tukaimba wimbo wetu, mtendaji akasema kimsingi zake. Injinia akatazama nyumba, akatazama ua, akatazama mtaa wote, naona uso wake unatulia, nikasema moyoni anafurahi.

"Bibi," akasema, "ombi lenu linasema nyumba hii ina ufa mkubwa ukutani. Naomba niuone."

Nikampeleka. Na hapa ndipo mnielewe vizuri, ufa ule nilishindwa kuuona. Mimi mwenyewe niliyeuziba. Nikapapasa ukuta huku, nikapapasa huku, laini kotekote. "Ulikuwa hapa, baba." Nikagonga kwa ngumi, nikidhani udongo utaanguka uonekane. Haukuanguka. Nikapiga kwa nguvu zaidi, kiganja hiki kilivimba mpaka Ijumaa ya pili yake, ukuta haukutoa hata vumbi. (Si nimewaambia kukandika najua.)

"Mmeukarabati?" injinia akauliza.

Na mimi kwa fahari, "Tumeuziba baba, tungewapokeaje na ufa?"

Binti wa maendeleo akafumba macho. Akanivuta pembeni, na ile sauti yake ya wapendwa imekauka yote: "Bibi, tulisema hali halisi. Hali halisi, bibi. Tupo pamoja?"

"Tupo pamoja mwanangu, hali halisi wataikuta, kwanza wale."

Injinia akauliza maji yalifika wapi kwenye kuta za mtaa. Madoa hamna. Mama Shedrack akaonyesha kifuani, jirani yake akaonyesha magotini, mimi nikaona mambo yanaharibika nikaonyesha shingoni, injinia akatutazama wote watatu tumesimama kwenye uwanja uleule ulio sawa kama meza. Akaenda kwenye ule ua wa matete, kwa urefu wake akachungulia kwa juu. "Hili ndilo korongo. Ni kubwa, nakubali." Akageuka akatazama nyumba. Akatembea kutoka kule mpaka kwenye kona ya nyumba, juu ya sakafu yangu, taratibu. "Lakini liko mbali na nyumba. Hapa katikati pana uwanja mzuri tu. Sisi tunaanza na nyumba zilizoko ukingoni kabisa, na tukitoka hapa tunakwenda milimani Korogwe, kuna watu mlima unawashukia mlangoni."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Nilikuwa na nafasi, mdomo ulikuwa umefunguka kabisa, nimwambie baba, unalitembelea, liko chini ya viatu vyako. Nikatazama nikaona pilau inapakuliwa, sinia ya kwanza imeshatua, kachumbari iko tayari, na mgeni utamwambiaje kabla hajala kwamba amesimama juu ya godoro la Mama Shedrack? Nikasema, "Kaeni kwanza mle, baba, halafu nitawaeleza." Huo ndio mdomo wangu uliosifiwa.

Wakakaa. Turubai limetanda, kivuli kizuri, upepo kidogo. Injinia akachukua tonge la kwanza, nikaona kiti chake kimeinama kidogo upande. Akajisogeza. Kikainama zaidi.

"Kiti hicho mguu wake mbovu, baba, chukua hiki changu."

Akachukua changu, akakaa, nacho kikazama mguu wa nyuma. Akanitazama. "Na hiki?"

"Vyote vilinunuliwa duka moja."

Hebu fikirini, watu wa mjini wana uzito, mabua yalikuwa yamekaa siku kadhaa, na yale maji tuliyomwagia ili ipendeze yalikuwa yameshuka chini yakafanya kazi yake. Binti wa maendeleo akaona mambo yamekuwa ya kimya, akasimama kutuchangamsha. "Mama zangu wapendwa, tupo..." na hakuwa pamoja nasi tena, alikuwa ameingia mpaka kiunoni, miwani imebaki juu ya sakafu. Wenzetu wakainuka kumvuta, na kuinuka kwenyewe ndiko kulikomaliza, sakafu yote ikafanya kama mtu anayepumua nje, ikashuka. Meza ikashuka. Sinia ya pilau nikaiona inaondoka, na mimi badala ya kuiacha nikaikimbilia na mwiko mkononi, siwezi kuuacha mchele wote ule wa Korogwe uende, nikaishika, tukashuka pamoja. Mlingoti wa turubai ukainama na turubai likatufunika. Kulikuwa giza, nimekaa juu ya kitu laini, nikajua hili ni godoro, na karibu yangu kuna mtu anapumua taratibu, ni injinia, ameshika paja la kuku bado. Kwa nje namsikia mtendaji: "Kimsingi watu watulie. Kimsingi."

Hakuna aliyeumia, Mungu ashukuriwe, kina chake mtu akisimama ni kifuani, na tulitua palipo laini. Wakatuvuta mmoja mmoja. Mimi kanga ya juu ilibaki chini, nikatolewa kama mzigo, miguu mbele, kijiji kizima kinatazama na hata waliokuwa shambani walikuwa wamefika. Mama Shedrack ndiye aliyenivuta, na wakati ananivuta alikuwa ananong'ona, "Usiseme godoro la nani."

Sasa tangu siku ile nimejifunza, si kwamba sikujifunza. Mgeni akija kwangu leo namwonyesha kwanza mlango usiofunga na bati linalovuja, ndiyo maana nyie nimewaleta moja kwa moja kwenye chumba chenye vitanda viwili. Mwaka huu kikundi kimeomba tena, wanasema wakaguzi watakuja kiangazi hikihiki, na yule binti alikuja mwenyewe mpaka hapa mlangoni akaniambia bila wapendwa wala nini, bibi, siku hiyo usishike udongo. Nimeapa mbele yake. Jembe langu liko ofisini kwa mtendaji. Nitakaa humu ndani mpaka gari liondoke, na wakitaka kuniamkia wataniamkia dirishani.

Lakini nimeruka, nirudi. Injinia alitolewa akasimama ukingoni, mabua kwenye nywele, shati limekuwa la rangi ya ukuta wa Mwajabu. Na mimi nikaona hapa Mungu ametusaidia, maana sasa kidole kiko wazi, kimefika mpaka kwenye kona ya nyumba, kila mtu anakiona. Nikamwendea hivyohivyo na pilau mabegani. "Umeona, baba? Ndilo hilo. Korongo ndilo hilo, limefika hapa, hatukukudanganya."

Akachungulia chini. Na mimi nikachungulia. Kulikuwa na magunia, mikeka, machupa, ndala, nepi za watoto, redio isiyo na tumbo, na godoro katikati, limefunguka, na paja lake la kuku juu yake.

"Bibi," akasema, polepole vilevile, na wala hakuwa na hasira, bora angekuwa na hasira, "mimi naandika nilichokiona. Nimeona nyumba iliyokandikwa vizuri, nimeona korongo liko mbali, na nimeona shimo la taka. Ruzuku hii haitolewi kwa shimo la taka."

Binti akaanza kumwelezea, kwamba sivyo, kwamba yeye mwenyewe alifika kabla akaliona, kwamba hawa mama ni ukarimu tu umewaponza. Injinia akamsikiliza mpaka mwisho, akamjibu kwamba anaweza kuamini yote hayo lakini hawezi kumwandikia mkuu wake kwamba mvua ndiyo iliyoleta godoro, na kwamba wa Korogwe wanasubiri. (Hao wa milimani ndio waliopata. Mama Shedrack alitembea mtaani wiki nzima ametabasamu, eti kwetu huko hatujui kupamba.) Mtendaji shingo yake ilikuwa imeingia ndani yote. Akina mama wenzangu, wale waliocheza na kuimba juu ya sakafu, kila mmoja alikuwa anatazama miguu yake. Mimi nikatazama ule ukuta wa kona, mzuri, laini, na nikajua masika hayakuwa mbali.

Injinia alipofungua mlango wa gari akakumbuka adabu, akamgeukia Mwajabu, ambaye muda wote huo alikuwa amekaa juani kwenye kigoda chake, sahani yake ya pilau magotini, ameshamaliza kula. "Bibi, wewe ndiye mwenye nyumba, na hujasema neno tangu tumefika. Wewe unasemaje?"

Mwajabu akaweka sahani chini, akafuta mkono kwenye kanga. Wala hakumtazama injinia, alinitazama mimi.

"Wifi," akasema, "kitanda chako kisogeze ukutani."